Uzi: Theluji ya kwanza mlimani, wanyama njiani, na kwa nini ubebe nguo ya kusimama

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Oktoba maswali ya wapanda milima hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaoulizia dubu na kuna wanaoulizia koti. Wa kundi hili hawasomi majibu ya wale. Mimi naona swali ni moja, na nitaeleza kwa nini. Maelezo ni marefu, mwenye haraka apite tu.

Theluji ya kwanza ikianguka kwenye vilele, malisho ya juu yanafunikwa. Ayala (kulungu wakubwa wa huko, kwa Kiingereza elk), kulungu na kondoo mwitu wa pembe nene wanashuka mabondeni kufuata majani. Puma, paka mkubwa wa Amerika, na mbwamwitu wanawafuata hao. Dubu naye bado hajaingia shimoni kulala usingizi wake wa majira ya baridi, yuko kwenye kula kwa fujo. Na wewe, upepo ukikushinda kule juu, unashukia wapi? Bonde lile lile. Tena mnatumia njia moja, maana njia iliyokwisha kukanyagwa ni nyepesi kwa kwato kama ilivyo kwa buti. Kiangazi mnyama ana mlima mzima wa kukukwepea. Majira ya baridi yakianza, hana.

Hapo ndipo penye tatizo. Baridi inakwambia harakisha. Mnyama aliyesimama njiani anakwambia subiri. Ukiwa na jasho mgongoni na jaketi moja jepesi, huwezi kuwatii wote wawili. Ndiyo maana nashikilia kwamba nguo muhimu kuliko zote mwezi huo ni ya kusimama, yaani ya kukupasha joto ukiwa hutembei. Ya kutembea kila mtu anayo.

Nitoe mfano. Katikati ya Oktoba mwaka mmoja nilikuwa kaskazini mwa Milima ya Rocky, Marekani, na wenzangu wawili. Asubuhi ilikuwa njema: jalidi kwenye nyasi, anga safi, hewa imetulia. Kwenye uwanda wa chini ayala dume alikuwa bado anaita majike. Msimu wao wa kupandana hushika kasi Septemba na kufikia wakati ule huwa umeshaanza kupoa, lakini huyu alikuwa hajapata taarifa. Mlio wake ukiusikia kwa mara ya kwanza hutakubali kwamba umetoka kwa mnyama wa kilo mia tatu. Unaanza kwa mngurumo, unapanda hadi unakuwa mbinja nyembamba, kisha unamalizikia kwa mikoromo mifupi mifupi. Tulizunguka mbali. Ayala dume wa msimu huo hana adabu na mtu.

Kabla hatujaifikia theluji tukaona sungura mweupe pee amejikunyata kwenye majani makavu ya kahawia. Alikuwa anaonekana kutoka hatua hamsini, maskini, na mwenyewe ametulia akiamini amejificha. Sungura hawa hubadili manyoya kwa kufuata urefu wa mchana, hawaangalii kama theluji imefika. Mchana ukipungua wanaanza kuwa weupe. Theluji ikichelewa, imekula kwao.

Juu zaidi tulikuta theluji ya usiku, inafika kwenye kifundo cha mguu. Chini ya misonobari ya gome jeupe ardhi ilikuwa imefukuliwa, maganda ya mbegu yametapakaa. Kindi hukusanya mbegu za misonobari ile na kuzifukia kwa ajili ya baridi, na dubu wa kahawia huja kuvunja ghala. Lakini kilichotusimamisha ni udongo wenyewe. Ulikuwa umemwagika juu ya theluji. Maana yake aliyefukua alikuja baada ya theluji kuacha kuanguka, yaani asubuhi ile ile. Tukaangalia nyayo. Alama za kucha za mbele zilikuwa mbali na vidole, na hiyo ndiyo sahihi ya dubu wa kahawia. Dubu mweusi kucha zake ni fupi na alama zake zinakaa karibu na vidole.

Wakati huo wa mwaka dubu anaweza kula hadi saa 20 kwa siku na kuingiza kalori 20,000 hivi, kwa sababu akishaingia shimoni hali tena hadi majira yageuke. Si mnyama wa kumkatizia mlo. Tukarudi kwa njia tuliyojia huku tukizungumza kwa sauti kubwa, kisha tukapandia upande wa pili wa bonde, mahali penye uwazi wa kuona mbali.

Saa saba mchana hali ikageuka. Kwanza upepo, kisha punje ngumu nyeupe zinazogonga jaketi, kisha kilele hakionekani. Hapa hesabu ni rahisi na ni bora kuifanya ukiwa nyumbani. Kwa wastani joto hushuka karibu nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Ulipoacha gari pakiwa na nyuzi 6, mita elfu moja juu yake uko kwenye sifuri. Ongeza upepo wa kilomita 40 kwa saa, na ngozi yako inapoteza joto kama vile ni hasi 7 bila upepo. Hatukujadiliana sana. Tukashuka.

Chini, kwenye mierebi kando ya kijito, njia ilikuwa imezibwa. Muusi jike na ndama wake. Kwa asiyemjua, muusi ndiye mkubwa kuliko jamii yote ya kulungu, mabega yake yanakupita urefu. Alipotuona alilaza masikio nyuma na manyoya ya shingoni yakasimama. Hizo ni dalili mbili ambazo huhitaji kusubiri ya tatu. Tukarudi taratibu hadi nyuma ya miti minene, na pale tukakaa.

Tulikaa karibu saa nzima. Kulia mteremko wa mawe yenye barafu nyembamba, kushoto kijito, mbele yeye. Kila mmoja alivaa jaketi zito la manyoya ya bata ambalo lilikuwa halijaguswa tangu asubuhi, akabadili glavu, akakalia begi lake ili asikae kwenye theluji, akala. Giza likaanza. Katikati ya kusubiri wakatokea vijana wawili nyuma yetu, wakimbiaji wa milimani, wamevaa fulana nyembamba zilizolowa na vikoti vya upepo. Walipokuwa wanakimbia walikuwa na joto lao. Walipolazimika kusimama walianza kutetemeka haraka mno, na mmoja akasema bora wapite tu, mnyama atapisha. Tuliwapa masweta ya akiba na kuwabana katikati yetu. Yule kijana alikuwa tayari kupita mita chache kutoka kwa mama mwenye mtoto, mnyama anayeweza kumkanyaga mtu hadi kumuua, na kilichomsukuma si ujasiri, ni baridi.

Muusi akaondoka alipotaka mwenyewe. Tukawasha taa za kichwani, tukafika kwenye gari usiku.

Karibuni. Hasa waliowahi kukutana na mnyama huku hali ya hewa inageuka.

#2

Siti ya mbele. Ila picha ziko wapi mkuu? Uzi wa dubu bila picha ni chai.

#3 – Mleta uzi

Simu yangu ilizima ikiwa inaonyesha ina chaji zaidi ya nusu. Betri za simu hazipendi baridi. Siku hizi simu inakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ramani ya karatasi na dira viko begini. Hata hivyo kumpiga picha muusi jike mwenye ndama nisingejaribu hata kwa simu iliyojaa chaji.

#4

Mkuu, kuna kitu sijakielewa. Siku zote tunaambiwa usimkimbie mnyama wa porini. Wewe unasema mlirudi nyuma mkajificha kwenye miti. Ipi ni ipi?

#5 – Mleta uzi

Inategemea ni nani aliye mbele yako, ndiyo maana inabidi uwajue kabla ya kuondoka.

Muusi hakutaki kama chakula, anataka utoke kwenye eneo lake. Akikujia, kimbia na uweke mti mnene kati yako na yeye. Huyo ni ruksa kumkimbia.

Dubu na puma usiwakimbie kabisa, kwao mwenye kukimbia ni windo. Dubu wa kahawia ukimshtua karibu, ongea kwa sauti ya chini, rudi kinyumenyume, kopo la pilipili (la kumpulizia dubu usoni) likiwa mkononi. Akikugusa kwa sababu umemshtua au ana watoto, lala kifudifudi, mikono nyuma ya shingo, begi libaki mgongoni. Dubu mweusi akikushambulia, pigana naye, usilale. Puma vivyo hivyo: jifanye mkubwa, usiiname, mtoto mbebe, na akirukia pigana.

Umbali nao una kanuni. Hifadhi ya Yellowstone inataka mita 91 kwa dubu na mbwamwitu, mita 23 kwa ayala, muusi na wengi wa wanyama wengine. Binafsi kwa muusi nazidisha.

#6

Naongezea la puma. Mwaka juzi nilipanda kilima kimoja chenye misitu, theluji mpya, peke yangu. Wakati wa kushuka nilifuata nyayo zangu mwenyewe ili nisipotee. Nikakuta nyayo za mnyama zimekanyaga ndani ya zangu. Duara, vidole vinne, hakuna alama za kucha. Jamii ya paka hurudisha kucha ndani wanapotembea. Mbwa na mbwamwitu mara nyingi kucha zao zinaonekana. Yaani alikuwa ananifuata nikipanda.

Sikumwona hata mkia. Bila theluji nisingejua kamwe, na nadhani hapa tunajidanganya: kiangazi pia wanatufuata, ni vile tu hakuna karatasi ya kuandikia.

#7

Mkuu wa #6 umeniharibia usingizi.

#8

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kutafuta waliopotea milimani, kwa hiyo nitazungumzia wale vijana wawili wa mleta uzi, maana ndio sura ya watu tunaowabeba.

Joto la mwili ni karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya 35 umeingia kwenye haipothemia. Wengi wanadhani hiyo ni habari ya hasi 20. Hapana. Mvua, upepo, nyuzi 5, mtu amechoka na hajala, inatosha. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa, ndiyo maana fulana ya pamba iliyolowa jasho ni adui. Sufu ikilowa bado inashika joto kiasi. Pamba haina msaada.

Dalili zinaanzia kwenye vidole. Mtu anashindwa kufunga zipu. Kisha anajikwaa mahali pasipo na jiwe. Ulimi unakuwa mzito, anaanza kununa au kubishana bila sababu, au ananyamaza kabisa. Mwenzako mchangamfu akinyamaza mlimani, msimamishe umwangalie. Kutetemeka ni jambo jema, ni mwili unapigana. Joto likifika kwenye nyuzi 32 hivi kutetemeka kunakoma, na kama hujampasha, kutulia huko si nafuu. Wapo wanaofikia kuvua nguo wakidai wanaungua.

Cha kufanya: mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mvalishe vikavu, weka kitu chini yake kwa sababu ardhi inanyonya joto kimyakimya. Kama anajitambua na anameza vizuri, mpe kitu chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu. Usimpe pombe, inampa hisia ya joto huku joto lenyewe likitoka. Kama hajitambui mlaze na umguse kwa upole sana, moyo uliopoa unaweza kuvurugika mapigo kwa kutikiswa tu.

Na msidharau mlima mfupi. Mlima Washington, jimbo la New Hampshire, una mita 1,917 tu, lakini kileleni kwake tarehe 12 Aprili 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Wa kwanza kwenye orodha ya waliofia kule ni Mwingereza Frederick Strickland, Oktoba 1849. Kiongozi wake alipoiona theluji aligeuza. Yeye akaendelea. Angalieni huo mwezi: Oktoba, si Januari. Wa Januari anajua anaenda kwenye baridi.

#9

Hapo kwa Oktoba umegonga penyewe. Januari watu wanajaa vifaa. Oktoba mtu anaangalia jua la mjini anatoka na kaptula.

#10

Mimi niko upande wa pili wa hoja. Nakimbia milimani na sikubaliani na mleta uzi. Mzigo unachelewesha. Anayebeba jaketi zito, sweta, glavu mbili, chakula cha ziada na mkeka anamaliza saa mbili nyuma yangu, na hizo saa mbili ndizo zinazomkuta na dhoruba na giza. Mimi saa hiyo niko nyumbani nimeshaoga. Kasi nayo ni usalama.

#11 – Mleta uzi

Hoja yako ni ya kweli mpaka utakaposimamishwa. Kasi ni usalama ukiwa na uhakika wa kuendelea kusogea. Kifundo kikiteguka, ukungu ukificha njia, au mama mwenye ndama akiamua kupumzika pale kwenye mierebi, kasi yako imeisha na umebaki na ulichobeba. Jaketi zuri la manyoya ya bata halifiki nusu kilo. Sisemi ubebe nyumba.

#12

Nusu kilo naikubali. Mkeka siubebi ng'o.

#13

Kalia begi basi, kama walivyofanya.

#14

Wote mmeongelea dubu na puma, hakuna aliyemtaja mbuzi wa milimani. Msimcheke. Oktoba 2010, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Olympic, jimbo la Washington, mbuzi dume alimchoma pembe mpanda mlima na kumuua. Mbuzi!

Shida yao ni chumvi. Milima mingi haina chumvi ya kutosha, na mkojo wa binadamu unayo. Wapanda milima wanakojoa kando ya njia, mbuzi wanajifunza kwamba njia ina chumvi, mwisho wanaacha kuogopa watu na kuanza kuwafuata. Kuanzia 2018 kule Olympic walianza hadi kuwasafirisha mbuzi kwa helikopta kuwapeleka milima mingine. Kwa hiyo ukibanwa, toka kabisa njiani, ukojolee mbali na kambi na kwenye mawe, ili mbuzi wasibaki wakichimbua mimea kutafuta chumvi. Na mbuzi akikufuata, usimwone mpole: piga kelele, rusha mawe, mfukuze akiwa bado mbali.

Unapokuwa kwenye ukingo mwembamba wenye theluji na mbuzi anakufuata nyuma, hapo ndipo utaelewa kichwa cha uzi huu. Yeye ana kwato za kazi hiyo. Wewe unateleza.

#15

Kuhusu kopo la pilipili: ni kweli linamzuia dubu au ni biashara tu? Na kengele za kufunga begini je?

#16 – Mleta uzi

Linafanya kazi. Tom Smith na wenzake walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa matukio ya Alaska, na kwa dubu wa kahawia lilizuia tabia mbaya mara 92 katika 100. Ila kwenye baridi kuna mambo mawili. Presha ya kopo hupungua likipoa, kwa hiyo haliendi mbali kama kiangazi. Likae mahali penye joto lakini mkono unapofika mara moja, kwa mfano chini ya jaketi lililo wazi kifuani. Likiwa begini ni pambo. La pili ni upepo. Siku ya dhoruba unaweza kujipulizia mwenyewe.

Kengele sizitegemei. Sauti ya mtu inasikika mbali zaidi na dubu anaijua ni ya nani. Kwenye upepo mkali au karibu na kijito chenye kelele ongeza sauti, kwa sababu naye hakusikii, na dubu aliyeshtukizwa ndiye mbaya.

#17

Nipo Scotland. Huku hatuna dubu wala mbwamwitu, tuna ayala na upepo, na upepo unatutosha.

Kinachotumaliza huku ni saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na mtu aliyezoea kushuka saa kumi na mbili jioni akiwa na mwanga anajikuta gizani wiki inayofuata, mlima ule ule, mwendo ule ule. Kwa wenzetu wa Marekani ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ukiacha hilo, mchana wenyewe unapungua: kwenye latitudo ya 45 Oktoba unapoteza karibu dakika 3 kila siku, huku kwetu juu zaidi ni zaidi ya 4.

Kanuni ya Naismith ya 1892 bado inasaidia kukadiria: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Lakini hiyo ni ya mtu mwenye afya kwenye njia nzuri. Kwenye theluji laini inayozama ongeza sana, na kwenye mawe yaliyofunikwa barafu nyembamba isiyoonekana usikadirie, geuza. Theluji ya mwanzo wa msimu ni mbaya kuliko ya Februari kwa jambo moja: haijashikana. Inaficha mashimo kati ya mawe bila kukubeba juu yake.

#18

Na poromoko la theluji? Oktoba haliwezi kutokea, sivyo?

#19

#8 hapa. Linaweza. Haliangalii kalenda, linaangalia mteremko na theluji iliyopo. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio hatari zaidi, na mwanzo wa msimu upepo hurundika theluji kwenye makorongo huku migongo ya mlima ikibaki mitupu. Mtu anaona mlima karibu wote ni mawe makavu, anachagua korongo jeupe kwa sababu ni laini kupandia. Amechagua sehemu pekee inayoweza kuporomoka. Na hata poromoko dogo litakuburuza juu ya mawe ambayo Februari yangekuwa yamefukiwa.

#20

Pia huo ni msimu wa uwindaji sehemu nyingi. Vaa kitu cha rangi ya chungwa inayong'aa, na mbwa wako mvalishe. Tena wawindaji huacha matumbo ya mnyama porini na dubu wanayanusa. Ukiona kunguru wamekusanyika mahali wanapiga kelele, usiende kuchungulia.

#21

Mleta uzi, swali la mwisho kutoka kwangu. Nina chujio la maji la nyuzinyuzi, lile la kukamua. Nalilaza nje ya hema. Kuna tatizo? Na jiko la gesi limenigomea wiki iliyopita, gesi ipo, moto ni wa mshumaa.

#22 – Mleta uzi

Chujio kama limeshatumika na likaganda, litupe. Maji yaliyobaki ndani yakiganda yanapasua zile nyuzi na huwezi kuona kwa macho. Maji yatapita vizuri tu, na vijidudu navyo vitapita. Usiku lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, mchana likae mfuko wa jaketi. Chupa ya maji igeuze mdomo chini, barafu huanza kushika juu, kwa hiyo mdomo hautaziba.

Jiko: angalia kopo lako limeandikwa nini. Butani ya kawaida haigeuki gesi chini ya nyuzi hasi 0.5, isobutani inakwenda hadi karibu hasi 12, propani hadi hasi 42. Kopo la butani tupu kwenye asubuhi ya jalidi ndilo hilo lako. Nunua mchanganyiko wenye isobutani na propani, lala na kopo miguuni, na usiliweke moja kwa moja juu ya theluji unapopika.

#23

Shukrani mkuu. Chujio limeshaganda mara kadhaa, naenda kulitupa sasa hivi.